Nilisema Roho Mtakatifu ananitosha, wafafanuzi wa Biblia siwahitaji, na mtu mwingine ndo akalipa gharama

Wapendwa, hii habari nimeichelewesha sana kuiandika maana inaniuma mpaka leo. Ila wiki kadhaa zilizopita kijana mmoja kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia aliniambia maneno yaleyale niliyokuwa nayasema mimi zamani, kwamba yeye hasomi vitabu vya watu, anasoma Biblia tu na Roho anamfundisha moja kwa moja, tena alisema kwa upole kabisa, hakuwa na kiburi, na mimi nikajiona mle mle. Nikamwambia nitakuandikia. Sasa nimeona niandike msome wote.

Mimi nilikuwa na andiko langu la kujikingia, 1 Yohana 2:27, "wala hamna haja ya mtu kuwafundisha". Mtu akinitajia komentari, yaani kitabu cha kufafanua Biblia, namtolea hilo, akibisha namwongezea Yohana 16:13 kwamba Roho atawaongoza awatie kwenye kweli yote, basi mazungumzo yameisha. Kwangu mimi mfafanuzi wa Biblia alikuwa ni mtu wa kichwa tu, mtu aliyesoma mpaka moto ukazimika. Nilikuwa nafunga, naomba, nafungua Biblia, mstari unaonigusa ndo huo naenda kufundisha jioni. Na kwa kuangalia kwa macho nilikuwa nafundisha vizuri, watu wanalia, wanaandika, wanasema leo tumelishwa. Sisemi hivi kujisifu, nataka uone kwamba watu kuguswa sio uthibitisho kuwa ulichosema ndicho kilichoandikwa.

Kulikuwa na dada mmoja kwenye kikundi, mama yake alikuwa anaumwa, ugonjwa wa muda mrefu. Akaja kuomba maombi na neno la kusimamia. Nikampa Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nikamwambia aliandike, alibandike ukutani, alitamke asubuhi na jioni, na hapo nikaongeza la kwangu ambalo Biblia haikulisema, nikamwambia mwaka huu hautaisha kabla mama yako hajasimama. Nilisema kwa imani yote niliyokuwa nayo, sikuwa namdanganya kwa makusudi, nilikuwa naamini kabisa.

Mama yake alifariki kabla mwaka haujaisha.

Dada hakugombana na mtu wala hakunilaumu, aliacha tu kuja. Nilikaa miezi mitatu ndo nikapata ujasiri wa kwenda kumwona na nilikuwa nimejiandaa na maneno ya faraja, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua Biblia akanipa akasema, "Kaka, naomba unisomee ile sura, ila anzia juu." Nikaanza mstari wa kwanza. Kumbe ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, zaeni, yaani msitegemee kurudi kesho. Halafu mstari wa 10, mmoja tu kabla ya ule niliompa, unasema mpaka itimie miaka sabini. Sabini. Dada akaniuliza, "Sasa kaka, wale wazee waliosomewa hii barua, wangapi waliishi mpaka wakarudi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeufundisha huo mstari labda mara ishirini na sijawahi kusoma mstari wa 10 kwa makini hata mara moja.

Kilichonimaliza ni nilipofika nyumbani nikasoma sura iliyotangulia, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania anawaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatakuwa yamerudi kama zamani, watu walitaka kusikia hilo, na Yeremia akamwambia wazi kuwa Bwana hakukutuma na umewafanya watu hawa wategemee uongo. Ndo nikaelewa nilichokifanya. Mimi nilichukua mstari wa Yeremia nikausema kwa mdomo wa Hanania.

Nilimuuliza yule dada nani alimwonyesha hayo. Akaniambia kuna mchungaji mmoja mstaafu alikwenda kumfariji baada ya msiba, na hakumhubiria, alimwachia tu komentari ya kitabu cha Yeremia akamwambia soma Biblia kwanza ndo usome hiki, ukichoka pumzika. Na alisema kitu ambacho sikukitarajia, kwamba ile sura ilipoeleweka vizuri ndo ikaanza kumfariji, kwa sababu aliona Mungu anawaandikia barua watu ambao wengi wao wangefia ugenini, na bado anasema anawawazia amani. Mimi nilimpa ahadi ndogo ikamvunja, maandishi yenyewe yalikuwa na kubwa zaidi.

Nikamtafuta yule mzee. Nilikwenda nikijua nitasemwa. Hakunisema. Nilipomtolea andiko langu la 1 Yohana 2:27 aliniuliza tu mstari wa 26 unasemaje, nikasoma, Yohana anasema anawaandikia habari za watu wanaotaka kuwapoteza. Akasema, "Mwanangu, Yohana anaandika barua nzima kuwafundisha watu, halafu katikati ya hiyo barua awaambie mwalimu ni dhambi?" Kumbe mazungumzo ni ya wale waalimu wa uongo waliokuwa wanajidai wana ujuzi wa siri ambao waumini wa kawaida hawana. Akanikumbusha Walawi kwenye Nehemia 8:8 waliosoma torati kwa watu na kueleza maana yake mpaka wakaelewa, na yule Mwethiopia wa Matendo 8 aliyekuwa anasoma Isaya garini, Filipo alipomuuliza kama anaelewa akajibu nitawezaje mtu asiponiongoza. Na Roho mwenyewe ndiye aliyemtuma Filipo kwenye lile gari. Roho hakuona shida kumtumia mtu.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo hasa nataka huyo kijana alisikie. Akaniambia, "Wewe hujawahi kukataa wafafanuzi. Hiyo Yeremia 29:11 ulipewa na Roho au uliisikia kwa wahubiri?" Nikafikiri. Niliisikia kwa wahubiri. Niliiona kwenye kalenda na kwenye kadi za harusi. Kila nilichokiita ufunuo wangu, nikikifuatilia nyuma, nakuta kuna mahubiri mahali nilisikia nikiwa na miaka kumi na kitu. Hata vichwa vya habari vilivyomo katikati ya sura kwenye Biblia ni watu wameweka, hata tafsiri yenyewe ni watu waliamua neno hili la Kiebrania tulitafsiri hivi. "Wewe una wafafanuzi wengi," akasema, "ila umechagua wale ambao hawaonyeshi sababu zao, kwa hiyo huwezi kuwakagua." Kuna mhubiri wa Uingereza wa karne ya 19, Charles Spurgeon, aliwahi kushangaa jinsi watu wanaoongea sana kuhusu kile Roho alichowafunulia wao wanavyojali kidogo sana kile alichowafunulia wengine. Nilipokuja kuyakuta hayo maneno baadaye ilikuwa kama kaniandikia mimi.

Mzee akanipa kitabu kimoja tu, kile kile cha Yeremia, na sharti moja. "Ukirudi usiniletee alichosema. Niletee kwa nini amesema." Hilo sharti limenibeba mpaka leo, na makosa yote yaliyofuata niliyafanya pale nilipolisahau.

Kwa sababu nilikosea tena wapendwa, na safari hii kwa upande wa pili. Mtu aliyeungua akikimbia moto anaweza kutumbukia mtoni. Nilipoonja utamu wa komentari nikawa sishikiki. Kosa la kwanza ni la pesa, nilinunua seti nzima ya vitabu kwa mkupuo, Mwanzo mpaka Ufunuo, pesa ambayo kwa kweli nyumbani ilikuwa inahitajika, na mpaka leo vingi sijavifungua. Nakushauri usifanye hivyo. Nunua kitabu kimoja cha kile unachojifunza sasa, umalize, ndo ununue kingine. Halafu kwenye seti waandishi ni tofauti tofauti, aliyeandika Warumi anaweza kuwa hodari sana na aliyeandika Ezekieli akawa wa kawaida, kwa hiyo seti nzima ni kama kuoa ukoo mzima.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipata mfafanuzi mmoja, wa upande wa mafundisho ya Kalvini, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, jina naliacha maana kosa halikuwa lake, anaandika vizuri mno, nikawa nikipata saa moja ya kujisomea dakika kumi Biblia na dakika hamsini yeye. Kikundini nikawa nasema "mfafanuzi anasema" kila baada ya sentensi mbili. Watu wakaanza kunyamaza. Zamani walikuwa wanauliza maswali hata kama ni ya kupotea, sasa wanasubiri tu niwaambie jibu, wengine wakawa hawafungui hata Biblia zao kwani jibu si ninalo mimi. Niliwatoa kwenye kumtegemea mtu mmoja asiyesoma nikawaweka kwenye kumtegemea mtu mmoja aliyesoma kitabu kimoja.

Ikaja siku tunasoma Waebrania 6, ile mistari ya 4 mpaka 6 ya watu waliopewa nuru, wakaonja kipawa cha mbinguni, wakafanywa washirika wa Roho, kisha wakaanguka, kwamba haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Mimi nikafundisha kwa uhakika kwamba hao hawakuwahi kuokoka, walionja tu. Ndugu mmoja aliyelelewa kwenye kanisa la Kimethodisti akasema mbona maneno yenyewe yanaonekana ni ya watu waliookoka kweli, nikamkata palepale mbele za watu, nikamwambia hiyo ni hisia, wasomi wameshamaliza. Nilimwaibisha. Nilipomsimulia mzee akauliza, wasomi gani? Akanipa Kalvini mwenyewe na akanipa maelezo ya mwaka 1755 juu ya Agano Jipya ya John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akasema soma mistari mitatu hiyo hiyo kwa wote wawili. Kalvini anaona Mungu huweza kuwapa hata wasio wateule, yaani ambao hakuwachagua waokoke, ladha fulani ya neema na nuru kidogo. Wesley anaona maneno haya hayawezi kuwa ya mtu mwingine isipokuwa mwamini wa kweli. Wote wawili wanampenda Kristo, wote wamelisoma kwa Kigiriki, na kila mmoja ana sababu. Nilikuwa sijui sababu za Wesley kabisa kwa kuwa sikuwahi kumfungua. Nilirudi kikundini nikamwomba yule ndugu msamaha mbele za wale wale. Bado naegemea upande mmoja, sio kwamba sasa sina msimamo, ila siku hizi naweza kukueleza hoja ya upande wa pili mpaka mwenyewe wa upande huo akasema ndio, hiyo ndiyo hoja yetu. Kama huwezi kufanya hivyo kwenye andiko lenye mabishano, bado hujalisoma, umesoma wa kwenu tu.

Na hapa niseme kuhusu neno "kuaminika" maana watu wananiuliza nimwamini nani. Kuaminika sio kutokukosea. Agustino, yule askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, kanisa la magharibi karibu lote limekunywa kwake. Lakini soma alivyoufafanua mfano wa Msamaria mwema, anasema Yeriko ni hali yetu ya kufa, wanyang'anyi ni shetani na malaika zake, nyumba ya wageni ni kanisa, na mwenye nyumba ya wageni ni mtume Paulo. Paulo! Wakati Yesu alikuwa anajibu swali la mtu aliyeuliza jirani yangu ni nani. Kalvini aliyemheshimu Agustino kuliko mababa wengine wote na kumnukuu kila mahali alilikataa hilo fumbo waziwazi, akaendelea kumheshimu vilevile. Mimi nilijifunza adabu hapo. Na Agustino mwenyewe uzeeni, karibu na mwaka 427, alikaa akapitia vitabu vyake kimoja kimoja akaandika pale alipoona alikosea au hakusema vizuri. Mtu wa namna hiyo mimi namwamini zaidi.

Au chukua Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Ujerumani, kwenye 1 Petro 3:19, Kristo kuwahubiri roho waliokaa kifungoni. Luther, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa kusema, aliandika kwamba hilo ni andiko la ajabu na la giza pengine kuliko yote kwenye Agano Jipya na kwamba hajui kwa hakika Petro alimaanisha nini. Kalvini naye aliandika ufafanuzi wa karibu Agano Jipya lote ila Ufunuo hakuugusa. Sasa ukisikia mwalimu ana jibu la uhakika kwa kila kitu, kuanzia hao roho wa kifungoni mpaka zile pembe kumi za mnyama wa Ufunuo, punguza mwendo.

Jambo lingine, maneno ya Kigiriki. Hili limeniponza sana. Nilikuwa nafundisha Warumi 1:16, injili ni uweza wa Mungu, nasema neno la Kigiriki ni dunamis na ndilo limezaa dinamiti, kwa hiyo injili inalipua! Watu wanashangilia. Dinamiti ilivumbuliwa na Alfred Nobel mwaka 1867, Paulo hakuijua, na dinamiti inabomoa wakati mstari wenyewe unasema uweza uuletao wokovu. Neno la zamani haliwezi kupewa maana na kitu kilichokuja karne 18 baadaye. Kingine ni agape na phileo, kwamba agape ni upendo wa Mungu na phileo ni wa kirafiki tu, nimelifundisha hilo miaka. Halafu D. A. Carson, msomi wa Agano Jipya, kwenye kitabu chake cha makosa ya ufafanuzi akanionyesha Yohana 3:35 na Yohana 5:20, zote zinasema Baba anampenda Mwana, ya kwanza imetumia neno la ukoo wa agape na ya pili ni phileo. Na 2 Timotheo 4:10 Dema aliupenda ulimwengu huu akamwacha Paulo, neno ni lile lile la agape. Nilifungua kuhakikisha nikakuta ni kweli, na hapo ndipo komentari nzuri inapojitofautisha na mahubiri matamu, inakupa kitu cha kwenda kukagua. Kamusi za namba kwenye programu za simu, zile zinazolipa kila neno la lugha ya asili namba yake, zinakuorodheshea maana zote za neno, haina maana kwamba unaruhusiwa kuchagua inayokupendeza, mstari ndio unaochagua.

Halafu jua kwa nini kwenye simu unapata bure wale wa zamani tu. Ni kwa sababu haki za hivyo vitabu zimekwisha muda. Matthew Henry, Adam Clarke, Albert Barnes, hawa ni hazina na Henry kwa jinsi ya kulipeleka neno moyoni mimi sijaona wa kumfikia kirahisi. Ila alianza kuandika 1704 akafariki 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume, Warumi mpaka Ufunuo walimalizia watumishi wengine, kwa hiyo ukinukuu "Matthew Henry juu ya Waefeso" ujue hilo. Na wote hao waliandika kabla ya 1947 magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani nakala za kale sana za maandiko, hayajaanza kupatikana kule Qumran, kabla ya mambo mengi ya historia na lugha kujulikana. Kwa hiyo mimi nasoma mmoja wa zamani na mmoja wa sasa kwa kila kitabu. Wa zamani ananisaidia nisije nikadhani Biblia ilianza kueleweka juzi, wa sasa ananisaidia kwenye historia na lugha. Na kuna ule ufafanuzi wa Biblia nzima wa juzuu moja, Africa Bible Commentary, uliotoka 2006 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo, wameandika wasomi 70 wa Kiafrika, huo haufiki kina cha mstari kwa mstari kama komentari ya kitabu kimoja ila unauliza maswali ambayo wazungu hawayaulizi kabisa, mizimu, uchawi, ndoa za wake wengi.

Kwa sisi tunaonena kwa lugha, nilikuwa nadhani upande wetu hauna wasomi, wote wenye vitabu vizito ni wa upande mwingine. Sio kweli. Gordon Fee alikuwa Mpentekoste na komentari yake ya 1 Wakorintho ya mwaka 1987 inaheshimiwa hata na watu wasioamini kunena kwa lugha. Na bado, alipofika 14:34-35 alisema anaona ile mistari ya wanawake kunyamaza haikuandikwa na Paulo, iliongezwa baadaye, na wasomi wengi wakamkatalia. Mimi pia sikukubaliana naye. Ila kwa sababu alianika sababu zake zote mezani niliweza kutokukubaliana naye kwa sababu, sio kwa hasira.

Utaratibu wangu kwa sasa uko hivi, sio sheria. Nasoma kitabu chote cha Biblia mara moja kwa mkupuo kama kinawezekana, barua ya Wafilipi haimalizi hata nusu saa. Halafu nasoma kipande changu mara nyingi kwa siku kadhaa, kwenye tafsiri mbili, Union Version na Habari Njema, pale zinapotofautiana naweka alama maana mara nyingi hapo ndo kuna shida kwenye lugha ya asili. Naandika maswali yangu kwa kalamu. Komentari zimefungwa muda wote huo, na hili ni gumu kuliko unavyodhani, mkono unawasha. Baada ya hapo ndo nafungua, nikiwa na maswali, na nasoma nikitafuta majibu ya maswali yangu na sababu zake. Wakati mwingine mfafanuzi hajibu swali langu kabisa ila ananionyesha kuwa swali lenyewe lilikuwa baya. Na nikifundisha siku hizi sitaji majina isipokuwa lazima, namwonyesha mtu ule mstari wa juu na wa chini aone mwenyewe.

Furaha yake ikoje? Nikupe mfano mmoja. Ufunuo 3, kanisa la Laodikia, Yesu analiambia si baridi wala moto. Nilifundisha miaka yote kwamba moto ni aliyewaka kiroho na baridi ni mpagani, na kila mara nilikuwa nakwama kimya kimya, kwa nini Yesu aseme ingekuwa heri uwe baridi? Ningependa uwe mpagani? Nililiandika hilo swali. Nilipofungua komentari nikakuta kwamba jirani na Laodikia kulikuwa na Hierapoli yenye chemchemi za maji ya moto, na Kolosai yenye maji ya baridi, moto unafaa, baridi inafaa, vuguvugu ndilo la kutapika. Baadaye nikakuta mfafanuzi mwingine anasema hapana, picha sio ya chemchemi ila ni ya desturi ya mezani, vinywaji vya moto au baridi anavyokaribishwa mgeni. Hawajakubaliana kuhusu picha lakini wote wawili wanaona baridi hapo ni kitu kizuri, na swali langu la miaka likafunguka, kanisa lile lilikuwa halimfai mtu yeyote kwa lolote. Nilikaa nimenyamaza muda mrefu siku hiyo, nikimshukuru Mungu kwa watu ambao sitawahi kuwaona waliotumia maisha yao kuchimba hayo ili mimi nisome jioni moja.

Kijana wangu, wewe uliyeniuliza, endelea kuomba kabla ya kufungua Biblia, hilo usiliache kamwe, mimi pia sijaliacha. Na yule dada alirudi kikundini, ilichukua karibu mwaka. Hatujawahi kurudia kuongea sana habari za mama yake ila aliniomba kitu kimoja, kwamba mtu akiombewa mgonjwa tusimpe tarehe. Wiki ijayo tunaanza 1 Petro, tumegawana sura, na ya tatu yenye wale roho wa kifungoni kaichukua yeye. Ameshaazima vitabu viwili kwangu na ameniambia nisimwambie ninachofikiri mpaka amalize kuisoma mwenyewe.